KUTOKA RHOTIA: Kanga ya Mama ndani ya opera ya Vienna

Najua wiki tatu zilizopita umefungua ukurasa huu hukuniona, ukajisemea, "Huyu naye kishafukuzwa." Wapi! Kijana wako nilikuwa majuu, bwana. Nilikwenda Vienna, mji mkuu wa Austria, na leo nataka nikusimulie jinsi nilivyoingia kwenye jumba lao la opera, nikasimama kwa miguu yangu karibu saa tatu nzima, nikatoka humo nikiwa na deni. Si deni la fedha. Nadaiwa na mtu mmoja tu hapa duniani, mama yangu mzazi, wa hapa hapa Rhotia.

Kwa wageni wa safu hii niseme kwamba ugali wangu hautoki kwenye kalamu. Mimi ni dereva wa watalii. Nawapandisha wageni mlima kutoka Mto wa Mbu, tunapita Rhotia, tunapita Karatu, tunaingia geti la Lodoare, halafu tunateremka kreta ya Ngorongoro. Sisi wenyewe vijiweni mtu wa kazi hii tunamwita "gaidi", kwa kuharibu Kiingereza cha watu. Ushauri wa bure: neno hilo usilitamke uwanja wa ndege. Nilikuwa kwenye foleni ya pasipoti naongea na mshikaji kwenye simu, nikamwambia anisalimie magaidi wenzangu. Dada mmoja wa Mombasa aliyekuwa mbele yangu akageuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Ilibidi nimweleze haraka haraka, tena kwa sauti ya chini, kabla mambo hayajawa mambo.

Sasa safari yenyewe ilikujaje? Mwaka juzi niliwatembeza wazee wawili, mume na mke, watu wa Vienna. Siku moja ya mvua gari letu likakwama kwenye tope. Mzee akashuka, akavua viatu, akakunja suruali, tukasukuma naye. Toka siku hiyo tukawa kama ndugu. Siku ya kuagana wakaniambia, "Na wewe uje kwetu tukutembeze." Nikaitikia ndiyo ndiyo, kama tunavyowaitikia wageni wote, nikijua hayo ni maneno ya kuagana tu. Kumbe wenzetu wakisema wamesema! Barua ya mwaliko ikaja, tikiti ikaja, na viza nikaihangaikia mpaka nikaipata.

Mama aliposikia nakwenda kwenye baridi alifanya mambo mawili. Kwanza alinituma mnada wa Karatu nikatafute koti zito la mtumba. Pili alifungua sanduku lake, akatoa doti ya kanga, kipande kimoja akabaki nacho, cha pili akanipa. "Ujifunge shingoni, mwanangu. Baridi ya huko si ya Rhotia." Nikaona soo, mwanamume mzima na kanga shingoni, lakini mama hakataliwi. Nikaikunja nikaitia mfuko wa koti. Na hilo koti nalo lina mambo. Nilipofika Vienna mzee wangu akasoma lebo ya ndani, akacheka mpaka akatoa machozi. Yote ni Kijerumani! Koti lilishakwenda Karatu kutalii, sasa limerudi kwao likiwa limenivaa mimi.

Siku ya pili wakanipeleka kwenye jumba la opera. Kabla sijaendelea tuelewane opera ni nini, maana pale kijiweni kwetu mmoja alidhani nazungumzia ile Opera ya kwenye simu, ya kufungulia intaneti. Siyo hiyo! Opera ni mchezo wa kuigiza ambao watu wanaimba badala ya kusema. Mtu akipenda anaimba, akikasirika anaimba, akichomwa kisu anaimba kwanza ndipo afe. Tena kwa kawaida hawatumii kipaza sauti. Ni kifua chake tu, huku bendi kubwa ya fidla, filimbi na tarumbeta inapiga kwenye shimo mbele ya jukwaa, na sauti lazima imfikie mtu aliyekaa nyuma kabisa kule juu karibu na dari. Usipime.

Jumba lenyewe liko katikati ya mji, kando ya barabara kubwa ya mviringo inayoitwa Ringstrasse, na tramu zinapita mbele yake. Mchana kuna ziara ya kuonyeshwa ndani. Unakata tikiti yako, unapangwa kwenye kundi kwa lugha unayoijua, anakuja wa kuwatembeza. Na hapo ndipo mambo yangu yalipogeuka. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nyuma ya kundi, nimeshika kamera, nimekodoa macho, na mbele yetu yuko binti mmoja, mwanafunzi wa chuo, anaifanya kazi yangu.

We acha tu! Nilimtazama kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake. Alituhesabu kwa macho bila kunyoosha kidole, nami ndivyo ninavyofanya. Alitoa utani wake, akasubiri tucheke, ndipo akaendelea, na mimi nikajua kwamba utani ule anautoa kila siku, pale pale, kwenye ngazi ile ile. Mimi wa kwangu nautoa kwenye kona ya mwisho kabla ya kuiona kreta. Aliposema "piga picha hapa, mwanga ni mzuri", nilicheka peke yangu. Kumbe uongozaji ni mmoja tu, awe kiboko au awe kaizari.

Basi tukapanda ngazi kubwa za marumaru, juu kuna nakshi, sanamu na michoro, na binti akatusimulia habari ya wasanifu wa lile jumba. Walikuwa wawili, marafiki, Eduard van der Nüll na August Sicard von Sicardsburg. Ujenzi ulianza mwaka 1861. Kazi ikiwa inaendelea, barabara ya mbele ikainuliwa kiasi cha mita moja, na jumba likaonekana kama limedidimia. Weee! Watu wa Vienna wakapata la kusema. Wakaliita sanduku lililozama. Magazeti yakawashambulia, vijiwe vikacheka, na inasimuliwa kwamba hata Kaizari Franz Joseph alitia neno lake. Mwezi Aprili 1868 van der Nüll akajiua. Haikupita hata miezi mitatu, Sicardsburg naye akafariki kwa maradhi.

Jumba lilifunguliwa tarehe 25 Mei 1869 kwa opera ya Mozart iitwayo Don Giovanni. Waliolichora wote wawili walikuwa kaburini. Wenyeji husimulia kwamba tangu hapo Kaizari akiulizwa anaonaje kitu, jibu lake lilikuwa lile lile siku zote, kwamba ilikuwa nzuri sana na amefurahi sana. Hakutaka mtu mwingine afe kwa sababu ya mdomo wake. Mimi mwenye safu ya gazeti, ambaye nimeshawachamba watu humu bila hesabu, nilijishika mdomo pale pale. Leo dunia nzima inapanga foleni kuliona sanduku hilo hilo lililozama.

Tukaingia ukumbini. Viti vyekundu, roshani zimepangana moja juu ya nyingine, na juu kabisa kuna taa ya kioo kubwa kama taji. Panaingia zaidi ya watu 2,000, na kati yao zaidi ya 400 hawakai, wanasimama. Hilo la kusimama liweke akilini, nitalirudia. Kila nafasi ina kijiskrini kidogo cha tafsiri ili ujue wanaimba nini, unachagua lugha yako. Nikatafuta Kiswahili. Hamna. Sikukata tamaa, bado mapema.

Nyuma ya jukwaa ndiko kwenye kazi. Ni kama karakana kubwa, wanaume wanabomoa mji mmoja na kujenga mwingine. Kuanzia Septemba mpaka Juni karibu kila siku kuna onyesho, na la leo mara nyingi si la jana. Asubuhi mazoezi ya kitu kimoja, jioni wanaonyesha kingine. Binti akatuambia pia habari za Gustav Mahler, mtunzi mkubwa wa muziki aliyekuwa mkuu wa jumba hilo kuanzia 1897 mpaka 1907. Mzee alikuwa mkali huyo. Ukichelewa unasubiri nje. Nikazifikiria harusi zetu, kadi inasema saa kumi na mbili jioni na maharusi wanaingia saa tatu usiku. Mahler angezimia kabla ya keki.

Halafu tukafika ukumbi mmoja wa zamani, binti akashusha sauti. Tarehe 12 Machi 1945, vita vikikaribia kwisha, ndege za Marekani zilishusha mabomu mjini na jumba likashika moto. Ukumbi wote wa watazamaji ukateketea pamoja na jukwaa, na nguo za maonyesho kwa maelfu zikawa majivu. Zilipona sehemu za mbele, ile ngazi ya marumaru na vyumba vichache. Watu hawana chakula, mji umegawanywa baina ya majeshi manne ya kigeni, lakini wakajenga upya. Iliwachukua miaka 10. Tarehe 5 Novemba 1955, mwaka ule ule ambao majeshi ya kigeni yaliondoka Austria, jumba likafunguliwa tena kwa opera ya Beethoven, Fidelio, habari ya mke anayemwokoa mumewe gerezani. Tikiti hazikushikika. Wakafunga vipaza sauti nje, na umati ukasimama barabarani kwenye baridi ya Novemba kusikiliza.

"Bibi yangu alikuwa nje hapo," binti akasema. Akanyoosha kidole dirishani. "Alikuwa msichana. Alikaa vituo vitatu tu vya tramu kutoka hapa maisha yake yote. Alikuwa akisimulia usiku ule kila tukikutana. Amekufa hajawahi kuingia ndani. Mimi naingia kila siku na watu nisiowajua."

Akasema hivyo, akatabasamu kidogo, akatuambia tugeuke kulia, tuangalie hatua.

Kundi likageuka kulia. Mimi miguu ikagoma.

Msomaji wangu, mama yangu amezaliwa huku huku Karatu, ameolewa Rhotia, amelima mahindi na mbaazi kwenye udongo huu mwekundu, ametuzaa na kutulea. Kutoka mlangoni kwake mpaka geti la Ngorongoro haifiki saa moja kwa gari. Kila siku anaona magari ya watalii yanapita barabarani, yanakwenda yana watu, yanarudi yana watu. Mimi mwanawe wa kumzaa nimeshuka kreta mara nyingi kiasi kwamba niliacha kuhesabu. Nimewashusha Wajerumani, Wamarekani, Wajapani, hadi mbwa wa kuchezea wa mtoto mmoja wa Ufaransa. Jioni nikirudi mama ananiwekea chakula na kuniuliza, "Leo umewaonyesha nini?" Namjibu simba, namjibu faru, nakula nalala. Haijanipitia kichwani hata siku moja kwamba mama hajawahi kuiona kreta. Na yeye hajawahi kuniomba.

Tulipotoka, mzee wangu akaona nimenyamaza. Akanipeleka mgahawani tunywe kahawa, nikamweleza. Akafikiri kidogo, akaniambia, "Unajua kuna mtu wa mji huu alifika kwenu zamani?" Nikamwambia namjua, namtaja kila siku kazini! Oscar Baumann. Alizaliwa Vienna mwaka 1864, opera ikiwa bado inajengwa. Ilipofunguliwa alikuwa hajatimiza miaka mitano. Mwezi Machi 1892 akaufikia ukingo wa Ngorongoro, na vitabu vya Ulaya vikaandika kwamba yeye ndiye Mzungu wa kwanza kuiona. Humo ndani aliwakuta Wamaasai wanakufa kwa njaa, maana sotoka ilikuwa imewamalizia ng'ombe. Kabla ya Wamaasai walikuwapo Wadatoga. Watu walikuwapo siku zote. Baumann alifariki hapo hapo Vienna mwaka 1899, akiwa na miaka 35 tu.

Nikamwambia mzee, "Basi ona. Mtu wa Vienna ametembea kwa miguu kutoka pwani mpaka Ngorongoro mwaka 1892. Mama yangu yuko Rhotia, na gari analo mwanawe."

Mzee hakunijibu. Akalipia kahawa. Akaniambia jioni turudi, safari hii tusikilize.

Sasa hapa ndipo penye siri ninayotaka muichukue, hasa nyie vijana mnaodhani opera ni ya matajiri. Viti vizuri pale vinaweza kupita euro 200 kimoja, mshahara wa mtu huo. Lakini kuna tikiti za kusimama kwa bei ndogo sana, na nafasi nzuri za kusimama ziko chini kabisa, nyuma ya viti vya bei mbaya, chini ya ile roshani ya katikati iliyokuwa ya Kaizari mwenyewe. Yaani anayelipa kidogo anasimama chini ya kiti cha mfalme. Na kuna utaratibu wake. Ukishaipata nafasi yako kwenye kile chuma cha kuegemea, unafunga skafu. Basi. Unaweza kwenda kunywa maji, kwenda msalani, na hakuna wa kukugusia nafasi yako mpaka urudi.

Nilicheka, bwana! Mtu aliyekulia kwenye foleni ya maji hahitaji kufundishwa hilo. Si ndiyo dumu lako linavyokushikia nafasi bombani huku wewe umerudi kumgeuza mtoto mgongoni? Si ndiyo jiwe linavyokaa mstari wa zahanati tangu alfajiri, na kila mtu anajua hili ni jiwe la mama fulani? Vienna na Rhotia, kumbe tumesoma shule moja.

Tatizo sina skafu. Na lile koti walishaniambia nilitundike mapokezi, nikapewa kinamba, nikalitazama kwa huzuni likienda. Ila kanga ya mama nilikuwa nimeiokoa mfukoni. Nikaifunga kwenye chuma fundo mbili, ya rangi nyekundu na manjano, katikati ya skafu za kijivu na nyeusi. Bibi mmoja wa pembeni yangu, anakuja pale toka ujana wake, akaishika pindo akaniuliza yale maandishi yanasema nini. Nikamwambia kwetu nguo hii inasema, na ya mwaka huu inasema mengine. Akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

Usiku huo walionyesha Aida, ya Giuseppe Verdi. Habari yake inatuhusu, kwa hiyo sikiliza. Aida ni binti wa mfalme wa Ethiopia aliyetekwa akafanywa mtumwa Misri, akapendana na jemadari wa Misri, na mambo yakaharibika mpaka jemadari akahukumiwa kuzikwa mzima. Aida akajificha humo humo kaburini ili afe naye. Opera hii ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Afrika, jijini Cairo, tarehe 24 Desemba 1871. Mzee akaninong'oneza kwamba hapo hapo Vienna, mwaka 1958, aliyeimba Aida alikuwa Leontyne Price, dada mweusi kutoka Mississippi, Marekani. Nikajinyoosha kidogo.

Nitasema kweli, sehemu ya kwanza miguu iliniuma na usingizi ukanipitia mara mbili. Watu wanaingia, wanatoka, kelele za ushindi, tarumbeta. Lakini kuna sehemu, karibu na mwisho, Aida yuko peke yake usiku kando ya mto Nile, anaimba kwamba nchi yake hataiona tena. Nikaacha kutazama ile skrini ya tafsiri. Nilikuwa na siku tisa tu ugenini, na tikiti ya kurudi ninayo, lakini koo lilinikaba. Nikaishika kanga pale chumani. Ina harufu ya moshi wa jikoni kwetu. Yule bibi wa pembeni akajifanya hanioni, Mungu ambariki.

Nimerudi sasa, na nimekuwa nikiwauliza watu maswali ya kijinga. Wewe wa Dar, umeshaingia Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert, au unapita tu na daladala? Wewe wa Arusha, umewahi kuingia Makumbusho ya Azimio? Wewe wa Unguja, lile jengo la Majestic pale Vuga, unajua kwamba mwanzo lilikuwa ukumbi wa Royal, likaungua, likajengwa upya miaka hiyo hiyo ya hamsini Vienna wakijenga la kwao? Vienna leo wanaimba karibu kila usiku. Sisi ukumbi kama Avalon au Empress watoto wa siku hizi wanasikia majina tu. Sisemi tujenge opera. Nasema hata kilichopo mlangoni hatukipeleki macho, halafu mgeni akija ndiyo tunakimbilia kusema "hii ni yetu".

Basi wiki iliyopita nikaamua. Kiingilio cha Ngorongoro kwa sisi Watanzania ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni. Kinachoua ni gari. Nikaongea na mshikaji mwenye Land Cruiser, tukakubaliana mafuta. Nikaenda kwa Mama. Nilidhani atafurahi, kumbe akaniuliza, "Kuna nini huko? Nani anaumwa?" Nikamwambia hakuna anayeumwa, tunakwenda kutazama. Akanitazama mimi. "Kutazama tu?" Kutazama tu. Akasema peke yake haendi, wanawake wenzake watamcheka. Kesho yake akaja na majirani watano, wamevaa kama wanakwenda ubatizo, na chai kwenye chupa, na viazi.

Kushuka chini kuna malipo yake mengine ya gari, hivyo safari hii tulipanga tuishie ukingoni, pale pa kutazamia. Njiani nikaanza kazi yangu. Nikawaambia kreta ina kilometa za mraba kama 260 chini, na kutoka ukingoni kushuka ni kama mita 600. Mama mmoja akanikata, "Nyamaza uendeshe, kuna kona." Utani wangu wa kona ya mwisho nikaumeza.

Tukafika, ukungu mtupu. Huoni hata mkono. Wageni wengine wakapiga picha ya ukungu wakaondoka. Sisi tukanywa chai tumesimama. Mama alikuwa amejifunga kipande chake cha kanga, nami kile changu kiko shingoni, saa hiyo sina soo na mtu. Karibu saa nzima tukasubiri. Halafu upepo ukaja, ukungu ukaanza kujivuta pole pole kuanzia upande mmoja, nikalikumbuka pazia la Vienna. Kukaonekana majani, kukaonekana lile ziwa la magadi linang'aa, na vidoadoa vyeusi ambavyo nikawaambia ni nyati.

Wenzake wakapiga vigelegele. Mama hakusema kitu. Alishika lile ukuta la mawe kwa mikono miwili, akatazama mpaka nikaanza kuogopa. Mwisho akaniambia bila kugeuka, "Kumbe ndiko huku."

Nikamuuliza, "Ndiko wapi, Mama?"

"Ulikokuwa unakuja kila siku. Nilikuwa nakuuliza, unaniambia simba, faru. Hukuniambia kama ni pakubwa hivi."

Sikuwa na jibu. Nikamwambia mwezi ujao, Mungu akipenda, tutashuka mpaka chini. Akasema sawa, ila nisimwahidi jirani yake mmoja, aliyelia njia nzima kwa kuogopa kona. Halafu akanigeukia, akaninyooshea mkono. Alikuwa anataka kipande chake cha kanga. Doti haiachani, anasema, na baridi ya hapa naijua.

Haya, msomaji wangu, mama yako naye anaishi karibu na nini? Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.